Mahali pa Mtoto Mchanga Kando ya Kitanda cha Mama

Kitanda kidogo kinachowekwa ubavuni mwa kitanda cha mama, ambacho upande wake mmoja hushushwa au huachwa wazi ili mama amfikie mtoto bila kusimama, kimeanza kuzoeleka katika nyumba za mijini za Afrika Mashariki, na maduka ya Kariakoo na Eastleigh hukiuza pamoja na mito, mashuka na mapambo yanayokifanya kionekane zawadi kuliko chombo cha kazi. Anachoulizwa mnunuzi dukani ni rangi anayoipenda na kiasi alichonacho mfukoni. Kinachoulizwa kwa nadra ni iwapo mtoto atakayelazwa humo ataweza kuvuta hewa safi usiku kucha, hata akigeuka, hata akitelezea pembeni, hata mama akipitiwa na usingizi. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo la pili ndilo linalostahili kuamua ununuzi, kwamba jibu lake hupimika kwa futikamba na kwa vidole vya mkono, na kwamba kitanda kilichochongwa na seremala wa mtaani kwa vipimo sahihi kinaweza kumlinda mtoto kuliko kile kilichoagizwa ng'ambo kwa bei ya juu na kujazwa vitu visivyotakiwa.

Uzito wa vipimo hivyo hueleweka vizuri zaidi mtu akianza na mwili wa mtoto mwenyewe. Mtoto wa wiki chache ana kichwa kizito kikilinganishwa na kiwiliwili, na shingo ambayo misuli yake bado haijakomaa, kwa hiyo kidevu kikimwangukia kifuani njia yake ya hewa, iliyo nyembamba na laini, hupinda na kubanwa, naye hana nguvu za kukiinua. Akilala kifudifudi juu ya kitu kinachobonyea, pua huzama, na hewa anayoitoa hukwama usoni pake na kuvutwa tena, hadi kabonidayoksaidi, ile hewa taka inayotolewa na mapafu, inaongezeka huku oksijeni ikipungua. Mtu mzima katika hali hiyo hushtuka na kugeuka. Mtoto mchanga, na hasa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, au yule ambaye mama yake alivuta sigara wakati wa ujauzito, anaweza asishtuke, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayosimamia kushtuka usingizini bado ni changa. Ndiyo maana madaktari hutenganisha matukio mawili ambayo machoni pa wazazi hufanana mno: kukosa hewa, ambako chanzo chake huonekana, kama vile kubanwa, kufunikwa au kulaliwa, na kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, jina linalopewa kifo cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambacho hakipati maelezo hata baada ya uchunguzi wa maiti, wa mahali alipolala na wa historia ya afya yake. Vifo vya aina hii ya pili hutokea kwa wingi katika miezi minne ya mwanzo, na takriban asilimia 90 hutokea kabla mtoto hajatimiza miezi 6, kipindi kile kile ambacho kitanda cha kando hutumika.

Historia ya karne ya 20 inaonyesha gharama ya ushauri mbaya unapotolewa kwa sauti ya utaalamu. Kuanzia miaka ya 1950, madaktari na vitabu vya malezi vya Marekani na Ulaya, kikiwemo kile cha Benjamin Spock kilichosomwa na mamilioni ya wazazi, vilipendekeza mtoto alazwe kifudifudi, kwa hofu kwamba akilala chali atapaliwa na matapishi yake. Uholanzi ilibadili ushauri huo mwaka 1987, Uingereza ikaanza kampeni ya kulaza chali mwaka 1991, na Marekani ikafuata mwaka 1994, na kila mahali vifo vya ghafla vilishuka, nchini Marekani kwa karibu nusu au zaidi katika muda usiozidi miaka kumi. Mwaka 2005 mtafiti Ruth Gilbert na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti za awali yaliyoonyesha kuwa ushahidi dhidi ya kulaza kifudifudi ulikuwapo tangu 1970, na kwamba lau ungekusanywa na kuzingatiwa wakati huo, zaidi ya watoto 10,000 wa Uingereza, na angalau 50,000 wa Ulaya, Marekani na Australasia, wangeweza kuokolewa. Hakuna teknolojia iliyohitajika kuwaokoa. Lililohitajika ni kumgeuza mtoto atazame juu.

Hofu ya kupaliwa ingali hai katika familia nyingi za Afrika Mashariki, na haifai kudharauliwa, kwa sababu inatoka kwa bibi na mashangazi waliolea watoto wengi na ambao maneno yao yana uzito nyumbani kuliko ya muuguzi aliyeonwa kwa dakika kumi. Inafaa kujibiwa kwa maumbile yenyewe. Koromeo hugawanyika njia mbili: bomba la hewa liko mbele, na umio, yaani mrija wa chakula, uko nyuma yake. Mtoto akilala chali, bomba la hewa huwa juu na umio huwa chini, hivyo maziwa yanayorudi kutoka tumboni hulazimika kupanda ili yaingie kwenye hewa, na kwa kawaida mtoto huyameza tena au kuyatema. Akilala kifudifudi mpangilio hupinduka, na maziwa hujikusanya palepale penye mlango wa bomba la hewa. Mlalo unaoogopwa ndio wenye kinga, na bibi akionyeshwa jambo hilo kwa mchoro mdogo wa koo, huwa na sababu ya kubadili mawazo bila kudhalilishwa mbele ya mkwe wake.

Desturi ya kumlaza mtoto ubavu na kumwegemezea kanga iliyoviringishwa mgongoni nayo ina kasoro mbili. Mlalo wa ubavu hauna uthabiti, kwa kuwa msukumo mdogo wa mguu humgeuza mtoto kifudifudi. Na ile kanga, ambayo iliwekwa ili kumzuia, huwa kitambaa kilicho huru karibu na pua yake. Vivyo hivyo kwa mto mdogo wenye shimo katikati unaouzwa kwa ahadi ya kuumba kichwa kiwe cha duara. Kisogo kinachobapa kwa sababu ya kulala chali hurekebika mtoto anapobebwa mara kwa mara na anapolazwa kifudifudi mchana akiwa macho, huku mtu akimtazama. Mto hauna kazi katika kitanda cha mtoto mchanga.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo desturi za pwani na bara zililishika muda wote, ilhali nchi za viwanda zililipoteza kwa vizazi kadhaa zilipomtenga mtoto katika chumba chake. Mtoto mchanga alale karibu na mama. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinapendekeza mtoto alale chumba kimoja na wazazi kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, lakini juu ya sehemu yake mwenyewe, iliyo bapa na ngumu. Ukaribu huo hurahisisha kunyonyesha usiku, nako kunyonyesha kwenyewe hupunguza uwezekano wa kifo cha ghafla, na humwezesha mama kusikia mtoto anapokoroma kwa taabu au anapokaa kimya kuliko kawaida.

Mjadala mkali uko kwenye kitanda kimoja. Chama hicho cha Marekani hushauri kisitumiwe na mama na mtoto wakati wa kulala, ilhali mwanaanthropolojia James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame ametetea kwa miaka mingi kwamba mama anayenyonyesha, asiyevuta sigara wala kunywa pombe, hulala na mtoto wake kwa namna ya pekee ya uangalifu ambayo haifai kulinganishwa na ajali za walevi. Pande zote mbili zinakubaliana kuhusu mambo ambayo kila nyumba ingepaswa kuyajua: hatari hupanda sana pale ambapo mmoja wa watu wazima amekunywa pombe au dawa za usingizi, anavuta sigara, au mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo, na kochi ndilo mahali pabaya kuliko pote, kwa sababu mtoto huteleza kati ya mwili wa mzazi na mgongo wa kochi. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo baba, mama na watoto wawili wakubwa wanagawana godoro moja, kumwambia mama asilale na mtoto bila kumwonyesha mahali pengine pa kumlaza ni kumtwisha lawama tu. Anayemlalia mtoto huwa amechoka, hajakosa upendo, na hili linapaswa kukumbukwa na kila anayeandika au kuhubiri juu ya jambo hili.

Jibu lenye busara zaidi kwa hali kama hiyo lilipatikana New Zealand. Vifo vya usingizini vya watoto wa Kimaori viliendelea kuwa vingi kuliko vya jamii nyingine za nchi hiyo hata baada ya kampeni ya kulaza chali, na sehemu ya sababu ilikuwa kwamba ushauri wa kumtenga mtoto ulipingana na maisha yao na ulisikika kama kejeli kwa mila yao. Daktari David Tipene-Leach, akishirikiana na wasusi wa Kimaori, alisaidia kueneza wahakura, kikapu bapa kilichosukwa kwa majani ya harakeke, mmea wenye nyuzi imara, ambacho huwekwa juu ya kitanda cha wazazi wenyewe ili mtoto awe kati yao akiwa na kuta zake. Baadaye likaongezwa sanduku la plastiki liitwalo Pēpi-Pod kwa kazi hiyo hiyo. Kati ya 2009 na 2015 vifo vya watoto nchini humo, kuanzia mwisho wa juma la kwanza hadi mwaka mmoja, vilipungua kwa takriban asilimia 29, na upungufu mkubwa zaidi ulikuwa kwa Wamaori. Watafiti waliofuatilia walivihesabu vitanda hivyo vidogo, pamoja na elimu iliyoambatana navyo, miongoni mwa sababu zinazoelekea kueleza upungufu huo. Pwani ya Waswahili ina wasusi wa ukili na miyaa kutoka Lamu hadi Pemba, ambao mikono yao husuka mikeka, misala na makawa kwa ustadi usiohitaji kusifiwa, na ni jambo la kusikitisha kwamba hakuna kiwanda wala wizara inayojulikana kuwaendea na vipimo ili kuwaomba wasuke kitanda bapa chenye kuta ngumu kwa ajili ya mtoto wa nyumba yenye godoro moja.

Kwa familia inayoweza kupata kitanda cha kando chenyewe, kasoro ya kwanza ya kutazama ni mwanya. Kitanda hiki kina hatari ambayo kitanda cha kawaida cha mtoto hakina, nayo ni kwamba kinategemea kitanda kingine: godoro la mama likisogea sentimeta chache, au kitanda cha mtoto kikisukumwa na goti usiku, hujitokeza mfereji mwembamba kati ya vitanda viwili, na mtoto anayejisogeza kwa visigino huweza kuingia humo kwa miguu na kiwiliwili, kisha kichwa kikakwama. Kwa hiyo kitanda cha kando kisichokuwa na mikanda imara ya kukifunga kwenye fremu ya kitanda cha mama hakistahili kununuliwa, na mikanda hiyo haina budi kufungwa kwenye mbao za fremu au kuzungushwa chini ya godoro hadi upande wa pili, si kwenye shuka wala kwenye godoro lenyewe. Baada ya kufunga, mtu akisukuma na kuvuta kwa nguvu, hata vidole viwili visiweze kupenya.

Linalofuata ni usawa wa kimo. Upande unaotazamana na mama haufai kuachwa wazi kabisa, ingawa picha nyingi za matangazo huuonyesha hivyo. Kiwango cha Ulaya cha vitanda vya aina hii, EN 1130 cha mwaka 2019, kinadai kibaki kizuizi cha angalau milimita 120. Kizuizi hicho, kilicho kifupi kiasi cha kumruhusu mama kumnyanyua mtoto akiwa amelala, humzuia mtoto kuviringika kwenda upande wa mama. Ukingo wake wa juu uwe sawa na uso wa godoro la mama, na godoro la mtoto liwe chini ya hapo. Kwa kuwa magodoro ya sponji yanayotumika katika nyumba nyingi, yale ya inchi 6 au 8, hubonyea upande anaolala mtu, usawa uliopimwa siku ya kwanza huweza kupotea baada ya miezi miwili, na kwa hiyo kipimo hurudiwa mara kwa mara, mama akiwa amelala juu ya godoro lake kama anavyolala usiku.

Fito za ubavuni zina kanuni ambayo kila seremala anaweza kuikariri. Sheria za Marekani tangu 1973 zinataka nafasi kati ya fito na fito isizidi takriban sentimeta 6, na kiwango cha Ulaya cha vitanda vya watoto, EN 716, huiweka kati ya milimita 45 na 65. Sababu iko kwenye umbo la mtoto: makalio yake ni membamba kuliko kichwa, kwa hiyo nafasi inayopitisha miguu na nyonga lakini isiyopitisha kichwa humwacha akining'inia kwa shingo. Kopo la soda likipita kati ya fito, nafasi ni kubwa mno. Nguzo za pembeni zenye vichwa vya nakshi, ambazo katika vitanda vya samadari vya watu wazima ni urembo halali, hapa hunasa ukosi au kamba ya nguo ya mtoto anapoanza kujiinua, na hukatwa zikawa sawasawa na ukingo. Viungo vishikwe kwa bolti na nati badala ya misumari, kwa sababu msumari hulegea kila kitanda kinapohamishwa, na chaga, yaani zile mbao za chini zinazobeba godoro, zikazwe zisiteleze, kwa kuwa chaga moja ikitoka godoro hutumbukia upande mmoja na kumfanya mtoto aviringike kwenye kona.

Godoro la mtoto huhukumiwa kwa kiganja. Likibonyezwa na kuachiliwa, lirudi mara moja bila kuacha shimo. Likihifadhi alama ya mkono, litahifadhi pia alama ya uso. Lijae kitanda kwa kubana, kiasi kwamba kati ya godoro na ukuta wa kitanda visiingie vidole viwili, na jambo hili ndilo linaloharibika zaidi pale godoro linaponunuliwa peke yake au linapokatwa kutoka kipande cha sponji cha dukani bila kupimwa. Nailoni nyepesi iliyofungia godoro kutoka kiwandani itolewe, kwani hugandamana na pua, na badala yake itumike foronya ya mpira au ya kitambaa kisichopitisha maji iliyovutwa ikabana, kisha shuka moja lenye lastiki. Hakuna kingine kinachohitajika humo. Si mto, si blanketi zito, si mwanasesere wa manyoya, wala zile kingo za sponji zinazozungushwa ndani ya fito kwa madai ya kumlinda mtoto asijigonge, ambazo Marekani ilizipiga marufuku kwa sheria ya Mei 2022 iitwayo Sheria ya Usingizi Salama wa Watoto. Seti za matandiko zinazouzwa pamoja na kitanda hubeba karibu kila kimoja cha vitu hivi, na familia ikipewa seti kama zawadi, inaweza kushukuru kwa dhati na kukitumia chandarua chake tu.

Sheria hiyo hiyo ilipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 10, yaani vile vinavyomweka mtoto nusu amekaa. Kabla yake, mwezi Aprili 2019, kampuni ya Fisher-Price iliondoa sokoni vitanda vya aina hiyo vipatavyo milioni 4.7 vilivyojulikana kama Rock 'n Play, baada ya vifo zaidi ya 30 kuripotiwa, na kidevu kinachoangukia kifuani, kama ilivyoelezwa mwanzoni, ni mojawapo ya njia zinazofanya mwinamo uwe hatari. Vivyo hivyo, tangu 2011 Marekani hairuhusu kutengenezwa wala kuuzwa kwa vitanda vya kawaida vya watoto ambavyo upande wake mmoja huteremka kwenye reli, ambavyo vilihusishwa na vifo vya angalau watoto 32 tangu 2000, kwa kuwa vipande vya plastiki vinavyoshika upande huo huvunjika na kuuacha ukining'inia kwa pembe. Mitumba haina mipaka, na kitu kilichokatazwa katika nchi moja huweza kusafiri na kuuzwa katika nchi nyingine kwa bei ya kuvutia, kikiwa bado kinang'aa na bila karatasi yoyote ya maelekezo. Anayenunua kitanda kilichotumika ana haki ya kukisukasuka palepale, kuhesabu bolti zake, kutafuta mwaka wa kutengenezwa uliobandikwa chini ya chaga, na kukiacha ikiwa kipande kimoja tu kimepotea na kufungwa kwa waya.

Lipo tatizo moja ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haiwezi kulijua, kwa sababu huko malaria si tishio la kila siku: chandarua. Kitanda cha mama cha futi 5 kwa 6 kina upana wa karibu sentimeta 152, na kitanda cha kando huhitaji nyingine 50 au zaidi, jumla ikawa si chini ya sentimeta 200. Chandarua kikubwa cha familia chenye dawa, cha vipimo vya sentimeta 180 kwa 190 na kimo cha 150, hakiwezi kufunika vyote viwili na kubaki na kitambaa cha kuchomeka chini ya godoro, na kikivutwa kwa nguvu kifike, upande wake hulala juu ya mtoto, jambo ambalo huruhusu mbu kumuuma kupitia matundu na, baya zaidi, huweka wavu uliolegea usoni pake. Kitanda cha mama cha futi 4, ambacho ni sentimeta 122, pamoja na cha mtoto, huingia ndani ya chandarua hicho kwa shida kidogo. Kwa wenye kitanda cha futi 5 au 6 zipo njia mbili: kushona vyandarua viwili vikawa kimoja na kukining'iniza kwa pembe nne badala ya mduara mmoja wa katikati, au kumtundikia mtoto chandarua chake juu ya fremu ngumu kikiwa kimekazwa, bila kamba inayofikika kwa mikono yake. Njia ya kwanza ni bora, kwa kuwa haimlazimu mama kufungua wavu kila mtoto anapotaka kunyonya, na mama aliyechoka ambaye wavu unamsumbua ataishia kumchukua mtoto kitandani mwake na kusinzia naye, nacho kitanda cha kando kitakuwa kimekosa kazi usiku huo.

Hali ya hewa nayo ina neno. Joto la kupita kiasi limehusishwa na kifo cha ghafla, na bado katika nyumba za Tanga na Mombasa mtoto hufunikwa kofia, soksi, sweta na blanketi kana kwamba yuko Njombe, kwa imani kwamba mtoto mchanga ni wa baridi daima. Kipimo chepesi ni shingo na kifua: vikiwa na jasho, apunguzwe nguo moja. Katika nyanda za juu, ambako usiku baridi huuma kwelikweli, nguo nzito iliyobana mwili ni bora kuliko blanketi lililo huru, na mtoto njiti hupewa joto la kifua cha mama kwa njia ya kangaruu chini ya uangalizi wa wahudumu, njia ambayo utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa ikianzishwa mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kumpasha joto mzazi na mwanawe. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu, na huua familia nzima ikiwa usingizini. Hakuna kitanda cha mtoto, hata kiwe kimepimwa namna gani, kinachoweza kumwokoa aliyelala katika chumba hicho. Hata udi na ubani wa siku arobaini, unaopendwa kwa haki katika nyumba za pwani, ufukizwe mtoto akiwa chumba kingine na madirisha yafunguliwe kabla hajarudishwa.

Yote haya yangekuwa mepesi zaidi kama fundi angeyajua kabla ya mteja. Sehemu kubwa ya vitanda vya watoto katika miji ya Afrika Mashariki huchongwa na maseremala wa sehemu kama Keko jijini Dar es Salaam na Ngong Road jijini Nairobi, ambao hufanya kazi kwa kutazama picha iliyomo kwenye simu ya mteja, na picha haisemi fito zimeachana kwa sentimeta ngapi wala mikanda imefungwa wapi. Mafundi hao hawana uzembe. Wamechonga vitanda vya mninga na mkongo vinavyorithiwa, na mtu akiwapa kipimo watakifuata hadi milimita. Shirika la Viwango Tanzania na Shirika la Viwango Kenya yana uwezo wa kuandaa karatasi moja ya Kiswahili yenye mchoro na tarakimu chache, nafasi ya fito, kimo cha kizuizi, mwanya wa godoro, mahali pa mikanda, na kuibandika katika kila karakana ya mbao, na kazi hiyo ingegharimu kidogo kuliko semina moja ya hotelini. Karatasi hiyo iseme pia lini kitanda cha kando kinastaafu: mtoto anapoanza kujiinua kwa mikono na magoti, au kujivuta aketi, jambo linaloweza kuanza mapema kama mwezi wa tano, kizuizi kifupi hugeuka kuwa ngazi ya kupandia, naye huhamishiwa kitanda chenye kuta za angalau sentimeta 60 kutoka kwenye chaga.

Na iko fursa nyingine isiyohitaji bajeti mpya. Wajawazito wengi wa Tanzania na Kenya hukabidhiwa chandarua chenye dawa katika kliniki ya mama na mtoto, na wakati huo muuguzi tayari anazungumza nao kuhusu kitanda, maana chandarua hutundikwa juu ya kitanda. Akiongeza maswali matatu, mtoto atalala wapi, juu ya nini, na pamoja na nani, atapata kujua kama mbele yake kuna mama wa kushauriwa juu ya mikanda na vizuizi, au mama wa godoro moja na watu watano ambaye anahitaji kikapu bapa, kona ya upande wa ukutani isiyo na mwanya, na mume atakayeelezwa siku hiyo hiyo, ana kwa ana, kwamba usiku atakaorudi amelewa alale chini.